Dawa ya Osundwa Haigawanwi

Osundwa anaendesha trekta ya kubeba miwa huku Malava. Kwenye foleni ya mizani kiwandani trekta yake na yangu husimama pamoja, kwa hiyo namjua vizuri. Kwa miaka mingi alitafuna majani ya muguka ili asilale foleni. Baadaye hakulala hata nyumbani. Alikonda, akagombana na kila mtu, hata na kuku wa jirani, na mwisho akaingiza trekta mtaroni mchana kweupe.

Mwenye trekta, Mama Rachael, hakupiga kelele. "Nenda hospitali," alimwambia. "Ukirudia muguka, funguo nampa mtu mwingine."

Kakamega mjini, Daktari Moraa alimpa vidonge vya kumeza kila jioni. Alimweleza wazi kwamba hiyo ni dawa ya watu wenye huzuni nzito. Kwa walionaswa na vitu kama muguka bado inajaribiwa, na si kila mtu inamsaidia. Osundwa alirudi amenuna.

"Mimi sina huzuni," alimwambia mkewe, Zilpah.

"Huzuni ninayo mimi, Baba Tyson. Wewe meza tu."

Akameza. Akaanza kulala kama mtu anayelipwa kulala. Njaa nayo ikamrudia kwa fujo. Zilpah akawa anasonga obusuma ya watu wawili, na mtu ni mmoja. Hamu ya majani ikapungua.

Shida ilikuwa sisi. Kwenye foleni yetu, mwenye majani hugawia wenzake, na anayetafuna peke yake tunamsema mpaka miwa inyauke. Osundwa alikuwa amekula majani yetu miaka yote. Sasa alikaa mikono mitupu, akaona aibu.

"Umeokoka, pasta?" Wanjala alimuuliza alasiri moja. "Ama siku hizi unatafuna na Zilpah, mkifunga mlango?"

Osundwa akatoa vidonge, akatugawia kama majani. Mimi changu nilikitia mfukoni, kwa maana naogopa dawa. Wanjala alikitafuna na njugu, akasema hakina utamu, akaomba kingine. Osundwa, kwa adabu, akampa.

Foleni iliposogea, trekta ya Wanjala haikusogea. Tulimkuta amelalia usukani, mdomo wazi. Tulipomtikisa, alituuliza kama ni Jumapili.

Kumbe Lusweti, dereva mwenzetu, naye alikuwa akigawiwa tangu mwanzo. Vidonge vikaisha kabla ya siku ya kurudi hospitali, na hamu ikarudi. Mama Rachael akashuku, akachukua funguo. Osundwa aliniomba nimsindikize kwa daktari.

"Wenzangu walikuwa wananitazama," alimweleza Moraa.

"Ningekupa miwani, ungewagawia pia?"

Osundwa alifikiri. "Kama wangeomba."

Moraa hakucheka. Alisema dawa ya mtu mmoja inaweza kumdhuru mwingine, na dereva aliyesinzia huua watu. Akaandika vidonge vingine, akaagiza Zilpah ndiye avitunze. Mimi nilitoa changu mfukoni, nikakiweka mezani kimya kimya.

Tuliporudi, Mama Rachael alimuuliza kama ametafuna. "Jana, Mama. Kidogo." Kwa sababu hakudanganya, alimrudishia funguo, ila wiki nzima alipanda trekta pamoja naye, akiwa na mwavuli wake.

Wiki ilipokwisha, Wanjala alimnyooshea majani. Osundwa alitikisa kichwa, akafungua sufuria ya ingokho aliyofungiwa na Zilpah. Sisi alitugawia shingo na mabawa. Mapaja alikula mwenyewe, akitutazama bila aibu yoyote.