Kikombe Nilichokionja Kwanza

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipovuliwa aproni ya kijani kama hiyo unayojitazama nayo kwenye kioo. Keti kwanza. Ukishatoka humu chumba cha sare hutapata tena nafasi ya kunisikiliza mpaka tamasha liishe.

Tamasha lenyewe lilikuwa hilihili. Baa ya hoteli yetu imejengwa kwa mfano wa baa za vijijini Uingereza, na kila mwaka joto la Dubai likipungua huandaa siku mbili za bia na saida, ile pombe ya matofaa. Wanatandika nyasi za plastiki bustanini, wanaleta marobota ya majani makavu watu wakalie, wanapanga mapipa na kuandika jina la kila moja kwa chaki. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Sisi wengine tulikimbia kijiji tukaja huku, kumbe wenzetu wanakitafuta kwa hamu.

Nilikuwa binti mbichi kutoka Kibosho, Kilimanjaro. Mama yangu alipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na kwetu humpi mgeni kata ya mbege kabla hujapiga funda moja mbele yake. Ukimpa bila kuonja umemtukana. Ataishika tu kwa heshima, lakini hatainywa. Nimelelewa hivyo tangu sijaweza kubeba kata kwa mkono mmoja.

Siku hiyo nilipangwa kwenye pipa la saida pamoja na Wanjiku, Mkenya wa Nakuru, tuliyelala naye chumba kimoja kwenye makazi ya wafanyakazi kule Al Quoz. Alikuwa mlokole haswa, pombe aliimimina huku ameugeuza uso pembeni. Akaja mzee mmoja wa Kiingereza na mkongojo wake. Saida yetu haikuwa angavu, ilikuwa na machicha, naye akaitazama kikombeni akaniuliza kama kweli inanyweka. Mwanangu, sikufikiri. Nilikichukua kikombe, nikapiga funda, nikamrudishia kwa mikono miwili na goti nimelikunja kidogo. Akacheka, akanywa, akashukuru. Nikajisikia fahari, nikatamani mama angeniona.

Sasa, sheria ya kwanza tuliyotia saini ilikuwa hii: mhudumu hanywi akiwa kazini, hata tone. Ukinywa, visa inafutwa na unarudishwa kwenu.

Msimamizi wetu alikuwa mbali. Alichoona ni aproni ya kijani na kikombe mdomoni, basi, na pale pipani aproni zilikuwa mbili. Akatuita pembeni.

"Nani amekunywa?"

"Sir, mimi hata siwezi touch hiyo kitu," Wanjiku alisema, akidhani ni utani.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia nitasema baadaye kidogo, nikishapata maneno mazuri ya Kiingereza. Msimamizi akatuamuru tuzirudishe aproni chumba cha sare, kisha tuitwe kwa meneja mmoja mmoja, Wanjiku kwanza. Akaongeza kwamba yeye anaamini ni Wanjiku, kwa kuwa ndiye aliyejibu haraka. Hapo pia nilinyamaza. Nakwambia hili kwa aibu, na aibu yenyewe haijazeeka.

Chumba hiki kilikuwa cha Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Kizanzibari, aliyeishi Dubai tangu ujana wake. Hakuwahi kukanyaga kule baa, lakini madoa yote ya kule aliyajua, maana yeye ndiye aliyeyafua. Wanjiku aliweka aproni yake mezani akaenda kunawa uso. Nilipobaki na Bi Zuhura nikaangua kilio, nikamsimulia yote, mbege na mama na yule mzee, nikitumaini ataniambia pole.

Bi Zuhura aliendelea kukunja aproni.

"Na huko kwenu, anayeonja huonja kwa ajili gani?"

"Kama kuna ubaya, umpate yeye kwanza, Bi Zuhura. Mgeni asalimike."

"Ahaa. Basi wewe leo umeonja, na ubaya wake umempa mtoto wa watu." Akaiweka aproni chini. "Hiyo si mila ya mama yako, wallahi. Inuka, mwanangu. Nenda kabla hajaitwa."

Niliinuka, nikaenda. Ngazi za kwenda kwa meneja ni zilezile utakazopanda leo kwenda bustanini, na mimi niliziona hazina mwisho. Nilibisha hodi nikasema kabla sijakaribishwa kiti: "Madam, ni mimi. Wanjiku hakugusa kitu." Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini hayo yalitoka sawasawa. Akaniuliza kwa nini nilikunywa, nikamweleza habari za kata. Nikaanza kuwaza sanduku langu nilivyoliacha chini ya kitanda. Kisha, badala ya kunifutia visa, meneja akapiga simu huku chini kumuuliza Bi Zuhura kama ana haja ya msaidizi.

"Mlete," Bi Zuhura alijibu. "Ila mwambie huku kwetu tunaonja chai tu."

Nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa baa. Wanjiku alinikalia kimya wiki nzima, na alikuwa na haki. Kisha asubuhi moja nilipopanda basi la kampuni nikakuta ameniwekea kiti, kabegi kake kako juu yake. Alikaondoa, nikakaa. Siku hizi yuko kwao Nakuru, na kila Krismasi hunipigia.

Bi Zuhura alinifundisha kazi hii mpaka alipostaafu. Kwa miaka yote hiyo hakulitaja tena jambo lile, wala hakuruhusu mtu alitaje mbele yangu. Mama yangu alinipa mila, Bi Zuhura akanipa maana yake. Nawashukuru wote wawili kila nikifungua mlango huu.

Basi, mwanangu, pombe iache pipani, hilo umeshaambiwa. Langu ni jingine. Utakosea huku, na pengine utakosea kwa moyo mweupe kabisa, ukimfanyia mtu wema kama ulivyofundishwa kwenu. Siku hiyo usingoje maneno mazuri. Sema "ni mimi" kwa maneno uliyonayo, mapema, kabla mwenzako hajaitwa. Na akitokea mtu wa kukukaripia, mshukuru, hata kama ulimwendea kutafuta pole.

Geuka nikufunge kamba. Mungu akutangulie kwenye ngazi zile, akupe mwenzako wa kukuwekea kiti, na siku utakayoshindwa kuinuka asikunyime Bi Zuhura wako. Nenda sasa, wageni wameanza kuingia.