Wanaume Waliokufa Siku Moja

Kitwa, karani wa parokia pale Kamina, alivionea fahari vitabu vyake vya wafu kama wengine wanavyoona fahari ng'ombe. Kwa hiyo mwaka 1974, citoyen Mulumba, yaani ndugu raia kama watu walivyopaswa kuitana siku hizo, alipotoka chuo kikuu cha Lubumbashi kuchunguza maradhi yaliyoua watu zamani, alifunguliwa kabati kwa mbwembwe zote.

Siku ya tatu Mulumba alikaribia kuanguka kutoka kitini. Agosti 1927, katika kijiji kimoja, wanaume thelathini na mmoja walikufa siku moja. Mwanamke hata mmoja hakuguswa, wala mzee.

"Épidémie ya ajabu," alisema, akaanza kusoma majina. "Mathieu Kalenga, mume wa Kabedi..."

"Huyo njo baba yangu," Kitwa alisema.

"Na weye ulizaliwaka mwaka gani, citoyen?"

"Mu 1930."

Mulumba akakohoa kwa adabu. Kikohozi hicho kilimchoma Kitwa kuliko tusi. Tangu utotoni aliambiwa pua yake ni ya marehemu Kalenga. Sasa hakujua ni ya nani. Akaacha kabati wazi, akaenda mbio kwa mama yake, aliyekuwa akimenya mihogo uani.

"Mama, minyi niko mutoto wa nani?"

Aliposikia habari yote, Mama Kabedi alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Muzungu wa kukamata bantu ya kazi ya machimbo alikuwa anakuja kesho yake. Njo catéchiste Jean-Baptiste akaandika mu kitabu banaume yote ya nguvu bamekufa. Sisi banamuke tulilia mpaka sauti ikakauka. Baba yako alikuwa chini ya kitanda, anacheka. Nikamupiga teke. Weye uko mutoto wake, pua na kichwa ngumu."

Kitwa akashusha pumzi, naye akacheka. Kisha ukarani ukamrudia.

"Na kufa yake ya kweli, iko mu kitabu gani?"

Mama Kabedi aliokota kisu lakini hakumenya.

"Ulikuwa na miaka mbili. Ndui ilikuja, ikabeba tisa ya bale banaume, na baba yako mu yao. Padri akaangalia kitabu, akasema bale bantu balishaka kufa, hawezi kubaandika mara mbili. Misa hakukuwa. Tulilia tena, na hakuna mutu alitusadiki."

Kitwa alitoa kalamu na karatasi mfukoni ili awaandike wale tisa. Alitaka kuanza na jina la baba yake, lakini akamwomba mama amtajie kwanza la jirani.