Mwalimu Aliyepima Tusichokijua

Jumapili iliyopita tulimzika mwalimu wangu wa chuo kikuu kijijini kwao Kinampanda. Wengi wenu hamkumfahamu. Hakuwa mtu wa magazeti. Kabla ya kufundisha alikuwa mkunga kwa miaka mingi, na hata darasani alinawa mikono kabla ya kushika chaki.

Tulipokuwa mwaka wa kwanza alitugawia dodoso la kupima tunachokijua kuhusu uzazi, kinga na magonjwa ya zinaa. Ukumbi mzima ulicheka. Jamaa mmoja aliyetoka Issuna alipaza sauti nyuma yangu: "Mwalimu, haya tuliyamaliza sekondari!" Nami nilijaza harakaharaka, nikakunja mikono kama mtu aliyekwisha kufaulu. Wiki iliyofuata karatasi yangu ilirudi imejaa wino mwekundu. Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kubisha?"

Nikamwonyesha swali lililouliza kama msichana akinawa mara baada ya tendo hawezi kushika mimba. Nilikuwa nimejibu kwamba ni kweli.

"Lakini kila mtu anajua hivyo, Mwalimu."

Hakucheka. Alivua miwani. "Wodini nimewapokea wengi waliokuwa na uhakika kama wako, mwanangu. Una mchumba?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa naye, na jibu lile ndilo tulilolitegemea.

"Nendeni kliniki nyote wawili," alisema. "Usimtume peke yake."

Tulikwenda tumeinamisha vichwa kama wezi. Sote tukamaliza masomo. Ndoa ikafuata, na watoto wakaja tulipowataka.

Nikiukumbuka ujana ule, naona hatukuwa wajinga wa kuzaliwa. Tulitoka nyumba za wakulima, Wakristo kwa Waislamu, ambamo baba alitufundisha kwa makini kupanda mtama na kutibu ng'ombe, ila habari za miili yetu alituachia tuziokote njiani. Mzee mmoja alipokuja chuoni kumlaumu Mwalimu kwamba anafundisha uhuni, Mwalimu alimpa kiti, akamuuliza taratibu, "Wewe binti yako ulimwambia nini?" Mzee akaomba maji ya kunywa.

Mwezi uliopita binti yangu mkubwa alikuwa akifunga begi kwenda chuo. Mimi na mama yake tulimkalisha sebuleni kwetu Mandewa, tukamweleza yote bila kuzungukazunguka. Niliona haya, lakini niliendelea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, tukayajibu. Haya ya mzazi haimkingi mtoto. Neno lake huenda likamkinga.