Siku ya Nane ya Mama Maji Baridi

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Maji Baridi, kwa sababu kila mgeni wa kazi aliyeshika shuka lenye damu alisikia ukelele wake kabla hajageuka: "Maji baridi! Ukilitia kwenye maji ya moto umelipika hilo doa, halitoki tena!" Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye sakafu ile yenye maji, glavu za mpira mpaka viwikoni, akitenga mashuka ya wodi ya wazazi na ya chumba cha upasuaji. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hata tone la ubaridi, hasa akitajiwa kaka yake.

Na tuseme ukweli, alikuwa na haki. Miaka saba nyuma mama yao aliugua nyumbani kwa huyo kaka. Ndugu hao wawili walikuwa hawasemeshani, kwa ugomvi wa kipuuzi kuhusu kabati la nguo. Mama akasema, "Niitie dada yako." Kaka akauchuna siku mbili, kisha akajibu, "Nimemwita, amekataa kuja." Hakuwa amemwita! Mama akafa akiamini hivyo. Na binti yake, ambaye angeziacha mashine zinazunguka akakimbia na glavu zake mikononi, alipata habari za ugonjwa pamoja na habari za msiba. Uongo wenyewe alikuja kuambiwa na wifi yake siku ya mazishi. Mtu unalimeza vipi jambo kama hilo?

Yeye hakulimeza. Alichofanya ni kwenda makaburini. Kanisa hufundisha kwamba katika siku nane za kwanza za Novemba, mwamini aliyeungama na kupokea komunyo, akasali kwa nia za Baba Mtakatifu na kwenda makaburini kuwaombea wafu, anaweza kumpatia marehemu mmoja rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote iliyombakia toharani, roho zinakosafishwa kabla ya kuingia mbinguni. Rehema hiyo ni moja tu kwa siku. Basi kila mwaka siku zote nane alimpa mama yake, mvua inyeshe, jua liwake.

Mwaka huu kaka naye akafa, akiwa ameungama na kupakwa mafuta matakatifu. Novemba ilipoingia, wifi, aliyekuwa amevunjika mguu, akamwita akamwambia bila kuzunguka, "Wifi yangu, mimi kutembea siwezi. Mpe mume wangu siku moja tu."

"Moja? Hata nusu saa simpi."

Lakini neno lile la wifi lilimkera. Siku ya saba, baada ya misa ya asubuhi, akamfuata padre sakristia, chumba cha mavazi ya misa, akamkuta anakunja stola yake ya shingoni.

"Padre, yule kaka yangu alikuungamia ule uongo?"

"Mama, aliloungama na asiloungama siwezi kukuambia."

"Haya, tuseme aliungama. Dakika kumi, ukanyoosha mkono, basi kawa safi! Na mimi niliyeumizwa? Mama alipokuwa anakufa sikuitwa. Na yeye alipokuwa anasamehewa sikuitwa!"

Padre akaweka stola chini. "Kusamehewa ni kitu kimoja, mama. Kosa limeondoka. Lakini uharibifu ambao kosa limeuacha ndani ya mtu unabaki, na lazima usafishwe, hapa duniani au toharani."

"Basi akae hukohuko afuliwe. Na maji yawe ya moto!"

Padre alijikaza asicheke. "Na mama yako umemwombea siku ngapi?"

"Nane kila mwaka. Sijakosa."

"Rehema kamili ikipatikana, moja inatosha. Mbona unarudia?"

Mama Maji Baridi akageukia mlango. Jibu alikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza. Sharti la rehema kamili ni moyo usishikamane na dhambi yoyote, hata ndogo. Ukishikamana, unapata rehema pungufu tu. Na yeye kila mwaka alikuwa akipiga magoti kwa mama huku kinyongo amekikumbatia kama mtoto mchanga. Aliondoka bila hata kuaga.

Njia nzima alikuwa anafoka peke yake. "Kwa hiyo mwongo ni yeye, na mwenye doa ni mimi?" Alifika kazini akabeba mashuka ya upasuaji, akayarundika kwenye sinki, akafungua bomba kwa nguvu. Mvuke ulipompanda usoni ndipo alipoona amefungua bomba la moto. Damu ilikuwa imeshakuwa kahawia, imeganda kwenye nyuzi. Wenzake wakageuka kutazama.

"Leo nani atamkemea nani?" akauliza mpiga pasi.

Mama Maji Baridi alisugua mashuka yale mpaka mikono ikamuuma, na madoa hayakutoka.

Siku ya nane akaenda makaburini. Kaka alikuwa amezikwa ubavuni mwa mama, udongo wake bado mbichi. Akasimama kati ya makaburi mawili, akamgeukia kaka.

"Usifikiri nimekuja kukubembeleza. Ulinifanyia unyama. Miaka saba mimi nakula chakula hakipiti, na wewe ulikuwa unalala usingizi!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikasirika kwamba yanamtoka. Akapiga magoti, akasali sala zote moja baada ya nyingine, akataja jina la kaka yake, jina ambalo halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka saba. Akamwambia Mungu kwamba kama rehema ni kamili iwe kamili, na kama ni pungufu, ampe hiyohiyo pungufu.

Akainuka, akapangusa udongo kwenye magoti.

"Haya, toka huko," akamwambia kaka yake. "Toka uende kwa mama sasa hivi. Na ukifika, kabla hujasema jingine lolote, mwambie hukuniita."