Mama Alinituma Iringa Nikaangalie Wanavyozika

Joto la Temeke lilikuwa limemnyima mama usingizi mwezi wa tatu sasa, na kodi ya nyumba ikapanda tena. Jirani yetu wa zamani, Mama Rehema, aliyehamia Iringa, hakuacha kunipigia simu: "Njooni huku, nyumba rahisi, hewa ya bure!" Mie nilishakubali. Aliyegoma ni mama.

"Nyumba nitaipenda tu," akasema. "Wewe nenda ukaniangalizie wanavyozika. Sitaki nife ugenini nikose hata wa kunibeba."

Alfajiri nilipanda basi Mbezi. Kibamba ikapita, Morogoro ikapita, Mikumi tukawaona twiga. Mlima Kitonga basi lilipanda likikoroma, na abiria mmoja aliyepiga domo tangu Chalinze akanyamaza, akaanza kusali. Tulipofika juu nikafunga dirisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu wa Temeke kufunga dirisha mchana, jamani!

Saa tisa alasiri nikawa Mlandege, mtaa wa Iringa mjini, na Mama Rehema akanipeleka kuona nyumba. Vyumba viwili na ua, kwa kodi ambayo kwetu unapata chumba kimoja na ugomvi wa maji. Nikatazama dari, nikakunja uso.

"Sasa feni tutaning'iniza wapi?"

Mama Rehema alicheka mpaka akashika ukuta. "Shoga, huku tafuta blanketi!"

Asubuhi, tukiwa kwenye chai, zikaja habari kwamba fundi viatu wa mtaa amefariki. Mzee wa Kigoma, hana ndugu mji mzima. Naona haya kusema, lakini msibani nilikwenda kwa upelelezi.

Muhindi wa duka la vitambaa alikuwa amefunga duka, kaja na sanda mkononi. Wahehe walileta kuni, Mchaga mmoja akaleta gari lake. Mama wa Kikinga, Mkristo, alikaa chini nasi akimenya viazi. Saa nane wanaume wakainua jeneza, wakipokezana mbiombio, kila mmoja akitaka zamu yake. Machozi yakanitoka.

Yule mama wa Kikinga akanisogelea. "Pole, dada. Ni baba yako?"

"Hapana, hata simjui."

"Basi ni wetu sote. Lia tu."

Kesho yake nikarudi Temeke. Shikamoo yangu haijafika mwisho, mama akadakia: "Marahaba. Wanazika?"

Nikamsimulia yote. Mie nilikwenda kutazama vyumba na hewa. Kumbe mama alijua zaidi yangu kwamba mtu huhamia kwa watu. Kisha akasema lile lililokuwa likimkaba siku zote.

"Na kaburi la baba yako hapa, nani atalipalilia?"

Nikainama, nikashika mkono wake.

"Nitawaomba majirani," akajijibu mwenyewe, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na sie huko tutampalilia yule fundi viatu."