Mifupa ya Kibua

Tangu mwanawe Najim akamatwe kwenye msako wa magaidi, Bi Zuleha wa Kaole anazunguka vituo vya polisi na hotipoti ya wali na kibua wa kukaanga. Kituo kikipokea chakula, ndiyo kusema mtu yumo. Vyote vilikikataa.

Siku ya tisa askari mmoja alikipokea. Zuleha akalia kwa furaha.

Hotipoti ilirudi na mifupa mitupu ya kibua, mizima.

“Afande, mwanangu hutafuna hadi mifupa. Nyumbani tunamwita Nyau. Nani kala?”

Askari aliinama. “Nilikuonea huruma, mama. Nilitaka japo leo upate usingizi.”

Zuleha aliiosha hotipoti bombani. Asubuhi alikaanga tena, akapanda gari la Msata, kujaribu kituo cha huko.