Mwalimu Aliyesimama Mlangoni

Siku ya kwanza kuitwa mwalimu nilikuwa na mvi tayari, na nilivaa viatu vyangu vya ulinzi kwa sababu sikuwa na vingine vyeusi. Ilikuwa shule ya binafsi huko Abu Hamour, Doha. Walimu walinifahamu: kwa miaka kadhaa ndimi niliyewafungulia lango.

Shule niliiacha kidato cha pili. Nilipaka rangi nyumba Nakuru, nikauza viatu Kisumu, nikafuga nyuki, nikachoka na kila kimoja. Qatar nilikuja kuwa soja, kama tunavyowaita walinzi kwetu Kenya. Pale langoni nikaanza kuwauliza watoto walichosoma, na swali moja likazaa lingine. Nilipokwenda likizo nikafanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kibinafsi, halafu nikajiunga na chuo kikuu cha nyumbani kilichofundisha ualimu kwa masafa. Ijumaa, wenzangu wakilala, mimi nilisoma saikolojia ya mtoto kitandani.

Hatua ya mwisho iliitwa mazoezi ya kufundisha: unashika darasa muhula mzima, na msimamizi kutoka chuoni anakuja kukaa nyuma akikupima. Kila kipindi kilitaka andalio la somo, yaani mpango wa utakachofundisha, njia utakayotumia, na utajuaje kwamba mtoto ameelewa. Mudira, ndivyo tulivyomwita mwalimu mkuu kwa Kiarabu cha huko, alinipa hisabati ya darasa la nne, pamoja na onyo: "Ukipita, nafasi ya ualimu ipo. Ukifeli, lango lipo." Kampuni ya ulinzi nayo isingenipa ruhusa mara ya pili.

Msimamizi wangu alikuwa mhadhiri Mkenya tuliyemwita Madam. Alinitazama kipindi kizima bila kuandika neno. Watoto walipotoka akaniuliza:

"Mwalimu, tulikuwa tunamngoja nani?"

"Hakuna mtu, Madam."

"Mbona ulisimama mlangoni muda wote, bega kwenye fremu, jicho huko nje?"

Sikuwa nimejua. Nilifundisha kama nilivyolinda: mgongo ukutani, nikimwona kila anayeingia na kutoka.

"Andalio lako ni zuri," akasema. "Lakini hawa watoto hawatoroki. Nitarudi mara moja tu."

Otieno, dereva niliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Muaither, alicheka hadi akashika tumbo. "Soja ni soja tu! Kesho utawaitisha vitambulisho." Lakini ndiye aliyenisaidia. Kila jioni alikaa kitanda cha mwisho akijifanya mwanafunzi mzito. "Mwalimu, sijaelewa. Kuja hapa. Karibu zaidi bana, siumi!"

Madam aliporudi nilikuwa nafundisha sehemu, nusu na robo, na zana yangu ilikuwa khubz, ule mkate mpana kama sinia. Msichana mmoja, Mariam, aliurarua wake vipande vinne visivyolingana, akasema vyote ni robo. Nikachuchumaa kando ya dawati lake.

"Hiki kidogo utampa nani?"

"Kaka yangu."

"Atakubali kwamba ni robo?"

Akafikiri. "Atalia."

Darasa likacheka, naye akaomba mkate mwingine aanze upya.

Baadaye Madam akaniambia, "Mudira aliingia na wageni, wakasimama hapo mlangoni, wakaondoka."

Nikashtuka. "Saa ngapi? Sikumwona!"

"Najua," akasema huku akiandika alama. "Ndiyo maana umepita."

Nilifundisha pale miaka mingi, kisha katika mji wa jirani, Al Wakrah, chini ya mkuu wa taaluma aliyekagua maandalio yetu kwa kalamu ya kijani na hakuwahi kumsifu mtu. Hata yeye namkumbuka kwa hamu, na karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, ya chumba cha walimu, na watoto walioapa kwa lugha za kwao kwamba jibu lao ni sahihi.

Ninyi mnaosomea ualimu sasa mna mitambo ambayo sisi hatukuwa nayo. Itumieni. Lakini mtoto asiyeelewa hakuiti. Ni wewe umwendee.

Wiki yangu ya mwisho mkuu huyo wa taaluma alitaka nikabidhi darasa Alhamisi. Nikamwomba na Jumapili, ambayo huko ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya shule, maana watoto wawili walikuwa bado hawajaelewa kugawanya.

"Mzee, unastaafu au hustaafu?" akauliza, lakini akanipa.

Jumapili nilikaa kati yao hadi kengele ikalia. Mmoja alielewa.